Ansel Adams: Mpiga picha aliyeamua kabla ya kubonyeza

Msikilizaji, huenda umewahi kupiga picha ya mlima au bonde kwa simu, ukakuta anga limekuwa jeupe kama karatasi na mlima umepauka. Tatizo hilo alilijua vizuri Mmarekani Ansel Adams, mmoja wa wapiga picha za mandhari mashuhuri zaidi duniani.

Alizaliwa San Francisco, jimbo la California, Februari 20, 1902. Tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1906 lilimkuta akiwa na miaka 4. Mtikisiko uliofuata ulimwangusha, akavunjika pua, nayo ikabaki imepinda maisha yake yote. Shuleni hakutulia, hivyo baba yake akamtoa na kumsomesha nyumbani. Alipenda piano, na kwa miaka mingi aliamini angekuwa mwanamuziki.

Mwaka 1916 familia yake ilitembelea bonde la Yosemite, lenye kuta za miamba mirefu na maporomoko ya maji. Huko wazazi wake wakampa kamera ndogo ya Kodak. Tangu hapo hakuliacha bonde hilo.

Bamba la mwisho

Aprili 10, 1927, Adams alipanda mlimani na wenzake kwenda kupiga picha ya mwamba uitwao Half Dome. Alibeba kamera kubwa, stendi ya miguu mitatu na mabamba ya kioo yaliyotumika wakati huo kama filamu. Alipofika mbele ya mwamba alikuwa amebakiwa na mabamba 2 tu.

La kwanza alilipiga kwa kutumia kichujio cha njano. Mara akatambua kwamba picha ile isingeonyesha ukubwa na uzito wa mwamba kama alivyouona. Akaweka kichujio chekundu, ambacho huzuia mwanga wa bluu, na katika picha isiyo na rangi anga la bluu hutoka karibu jeusi. Bamba hilo la mwisho ndilo lililompa jina.

Kuanzia siku ile kanuni yake ilikuwa moja: amua kwanza picha unayoitaka, kisha ndipo ubonyeze. Baadaye, yeye na Fred Archer walitengeneza njia ya kupima mwanga kwa ngazi, kutoka nyeusi tii hadi nyeupe pe, ili mpiga picha ajue mapema kila sehemu itatokaje.

Picha zilipofika serikalini

Miaka ya 1930, wapenzi wa mazingira wa California walitaka bonde la Kings Canyon lilindwe, wakati wengine walitaka mito yake ijengwe mabwawa. Mwaka 1936 Adams alipeleka picha zake Washington kuwaonyesha wabunge. Mwaka 1938 akatoa kitabu cha picha za milima ya Sierra Nevada, na nakala yake ikamfikia Rais Roosevelt. Mwaka 1940 Kings Canyon ikawa hifadhi ya taifa. Kazi hiyo ilifanywa na watu wengi, lakini picha ziliwawezesha viongozi kuona mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kukanyaga.

Hata hivyo, picha zake nyingi hazina watu, na mtazamaji anaweza kudhani milima ile haikuwa na wenyewe. Yosemite ilikuwa makazi ya watu wa asili, ambao walifukuzwa kwa nguvu katika karne ya 19.

Adams alifariki Aprili 22, 1984, akiwa na miaka 82.

Jaribu kwa simu yako

Huhitaji kichujio chekundu. Elekeza simu kwenye mandhari, kisha gusa anga kwenye skrini. Simu nyingi zitapunguza mwanga, na rangi ya anga itarudi. Piga asubuhi mapema au jioni, kwa sababu jua la saa sita mchana hufuta vivuli, na vivuli ndivyo vinavyoonyesha umbo la mlima. Usivute picha karibu kwa vidole, maana hupoteza ubora. Sogea wewe.

Ukiwa na bando, tafuta mtandaoni picha ambazo Adams aliipigia serikali ya Marekani miaka ya 1941 na 1942. Zimehifadhiwa na Nyaraka za Taifa za nchi hiyo, na kuzitazama ni bure. Chagua moja, uangalie jua lilikuwa upande gani, kisha utafute mwanga kama huo kijijini kwako.