Curt Flood alikataa kuwa ng'ombe wa mnadani

Jumamosi moja jioni niliketi katika ukumbi wa kutazamia mpira hapa Kitengela, kando ya barabara iendayo Namanga, nikisikiliza mjadala uliowaka kuliko hata mechi yenyewe. Vijana walikuwa wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja ulishikilia kwamba Uingereza imetenda haki kuziwekea klabu mipaka ya hasara, na kwamba Everton na Nottingham Forest walistahili kupokonywa pointi katika msimu wa 2023/24 kwa kuivuka mipaka hiyo. Upande wa pili uliapa kwamba sheria hizo zilitungwa ili matajiri wa jadi wabaki na utajiri wao, na wanyonge wasiinue vichwa.

Kisha yakaja mambo ya bei. Fulani ni ghali kupita kiasi. Fulani abadilishwe na fulani, na kitita kiongezwe juu. Mmoja wao akakumbusha jinsi Southampton walivyotoa takriban pauni milioni 12 mwaka wa 2013 kumchukua Victor Wanyama wetu kutoka Celtic, na ukumbi mzima ukavimba kwa fahari, kana kwamba fedha hizo zilipitia mifukoni mwetu.

Sikutia neno. Mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kuhamia Bissil, mbele ya mji wa Kajiado, ambako nimesimama mara nyingi siku ya mnada wa mifugo. Pale madalali humzunguka fahali, wakambonyeza mgongo, wakamfunua kinywa wamtazame meno, wakavutana kwa bei hadi wakapeana mikono. Fahali hupakiwa katika lori, na safari ikaanza. Katika miaka yangu yote sijapata kumwona dalali aliyemwuliza fahali anakotaka kwenda. Wala simlaumu dalali, kwani ndivyo biashara ya mifugo ilivyo. Lakini lugha niliyoisikia ukumbini ilikuwa ile ile ya Bissil, na iliyenenwa hapa ni binadamu. Ndipo nilipomkumbuka Curt Flood.

Flood hakucheza gozi tulizoealo. Alicheza besiboli, mchezo wa Wamarekani ambamo mtu hurushiwa mpira mgumu mdogo naye akaupiga kwa gongo, huku wapinzani wakitawanyika uwanjani kuudaka. Kwetu Afrika Mashariki ni Waganda walioukumbatia kwa dhati. Mwaka wa 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Williamsport, Marekani, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya watoto. Sisi Wakenya hatuujui sana. Hata hivyo, maisha ya mtu huyu yana habari kwa yeyote anayebishana juu ya thamani ya mchezaji.

Alizaliwa Houston, jimbo la Texas, tarehe 18 Januari 1938, akalelewa Oakland, California. Alikuwa mtu mweusi, mwenye mwili mdogo na miguu myepesi. Mwaka wa 1956, akiwa na umri wa miaka 18, alitia saini na klabu ya Cincinnati, naye akapelekwa katika timu za chini za majimbo ya kusini kujifunza kazi. Huko alijifunza mengine. Hakuruhusiwa kula katika hoteli walimokula wenzake weupe. Siku moja, kati ya mechi mbili zilizofuatana, mtumishi wa chumba cha kubadilishia nguo aliiokota sare yake kwa ncha ya kijiti ili isigusane na za wengine, akaipeleka kwa dobi wa watu weusi. Flood akabaki uchi peke yake akiisubiri, ilhali wenzake wamekwisha kuvaa.

Desemba 1957 Cincinnati walimpeleka St. Louis bila kumwuliza. Alikuwa na miaka 19. Baadaye alieleza kwamba siku ile alijiapia kuwa jambo kama hilo halitamfika tena.

Katika klabu ya St. Louis Cardinals alidumu misimu 12. Alilinda sehemu ya katikati ya uwanja wa nyuma, na kwa miaka saba mfululizo, kuanzia 1963 hadi 1969, alituzwa Glovu ya Dhahabu kwa ustadi wa kudaka. Katika msimu mzima wa 1966 hakuandikiwa kosa hata moja. Timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka wa 1964 na tena 1967. Mwaka wa 1968 ilifika fainali kwa mara nyingine, na katika mechi ya saba, ya mwisho, Flood aliusoma vibaya mpira uliopigwa na Jim Northrup wa Detroit. Ukampita, wapinzani wakafunga, ubingwa ukaponyoka. Watu wana kumbukumbu fupi kwa mema na ndefu kwa kosa moja.

Mwenye klabu alikuwa August Busch, tajiri wa kiwanda cha pombe. Mwanzoni mwa 1969 aliwakusanya wachezaji na kuwasomea hotuba ya kuwakemea kwa tamaa ya fedha. Wakati huo Flood alilipwa dola 90,000 kwa mwaka, mshahara uliowazidi wengi mno. Ilipofika Oktoba mwaka huo huo, simu ililia kwake alfajiri. Afisa wa chini wa klabu alimpasha habari kwamba yeye na wenzake watatu wamepelekwa Philadelphia, nao St. Louis watapokea watatu kutoka huko, akiwamo Dick Allen. Miaka 12 ya kazi ilikunjwa kwa simu moja fupi.

Hapa yafaa nieleze mkataba wa wachezaji hao ulivyokuwa. Ulikuwa na kifungu kilichompa mwenye klabu haki ya kuurefusha kwa mwaka mmoja hata kama mchezaji hakutia saini mpya. Wenye klabu wakakifasiri hivi: mwaka huo ukiisha, utarefushwa tena, na tena, hadi mchezaji azeeke. Klabu ingeweza kumfukuza au kumbadilisha wakati wowote. Yeye hakuweza kuondoka, isipokuwa kwa kuacha mchezo kabisa. Na tangu 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba sheria za kuzuia uhodhi wa biashara hazihusu besiboli.

Msomaji asidhani huo ni ukale wa ng'ambo. Jirani yangu hapa Kitengela ana mwana aliyekuwa mlinzi hodari katika klabu moja ya ligi za chini. Klabu nyingine ikamwita, ikaahidi kumlipa. Klabu yake ilikuwa haimlipi chochote ila nauli, na siku nyingine hata nauli haikupatikana. Alipoomba barua ya kumwachilia, viongozi walitaja kiasi cha fedha ambacho baba yake hangepata hata angeuza nusu ya mifugo yake. Mkataba wa maandishi hakuupata kuuona. Kilichokuwapo ni jina lake katika orodha ya usajili. Alikaa nje msimu mzima. Walioitaka huduma yake wakapata mwingine, naye akanunua pikipiki ya kubebea abiria.

Flood naye angeweza kwenda Philadelphia, akapokea fedha zake, akanyamaza. Klabu hiyo ilikuwa tayari kumlipa kiasi cha dola 100,000. Badala yake alimwendea Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji, kumweleza nia ya kwenda mahakamani. Miller hakumficha kitu. Alimwonya kwamba huenda akashindwa, kwamba atapoteza mishahara yake, na kwamba hakuna klabu itakayompa kazi ya ukocha maishani. Flood akauliza iwapo kesi hiyo ingewafaa wachezaji wa baadaye. Akajibiwa kwamba ingewafaa. Hilo lilimtosha.

Desemba 1969 alijieleza mbele ya wawakilishi wa chama waliokutana Puerto Rico. Mmoja wao alitaka kujua kama anafanya hivyo kwa sababu ya weusi wake. Flood hakukana kwamba ngozi yake ilimfundisha mengi, lakini alisema kifungu kile kiliwafunga wote, weusi kwa weupe. Wawakilishi wakakubali kwa kauli moja kumuunga mkono. Mkesha wa Krismasi alimwandikia Bowie Kuhn, msimamizi mkuu wa mchezo, kumjulisha kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila hiari yake. Kuhn alikubali kuwa binadamu si mali, ila hakuona hilo linahusiana vipi na mkataba. Mwezi uliofuata kesi ikafunguliwa.

St. Louis, kwa upande wao, walilazimika kuwaongezea Philadelphia kijana Willie Montañez kufidia pengo la Flood, mithili ya muuzaji anayetoa ndama juu ya fahali aliyegoma kupanda lori.

Kesi ilisikizwa New York mwezi wa Mei 1970. Jackie Robinson, mtu mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu katika karne ya 20, alikuja kutoa ushahidi ingawa maradhi yalikuwa yamemdhoofisha. Lakini katika mamia ya wachezaji waliokuwa wakicheza wakati huo, hakuna hata mmoja aliyefika kuketi mahakamani kwa ajili yake. Siwalaumu sana, walikuwa na watoto wa kulisha, na kifungu kile kile kilikuwa shingoni mwao. Lakini jambo hilo lilimuuma Flood kupita hukumu yenyewe.

Alishindwa, akakata rufani, akashindwa tena. Tarehe 19 Juni 1972 Mahakama ya Juu ilimkataa kwa kura tano dhidi ya tatu. Jaji wa tisa, Lewis Powell, alijitoa kwa kuwa alikuwa na hisa katika kiwanda cha pombe cha Busch. Hukumu iliandikwa na Jaji Harry Blackmun, ambaye kabla ya kuigusa sheria aliwaorodhesha wachezaji maarufu wa zamani zaidi ya 80, kama shabiki aliyepewa kalamu. Majaji walikiri kwamba kuibagua besiboli na michezo mingine ni jambo lisilo na mantiki, kisha wakasema ni juu ya Bunge kulirekebisha. Angekuwa na mawakili wenye nafasi zaidi, huenda mambo yangegeuka. Kiongozi wao, Arthur Goldberg, alikuwa akigombea ugavana wa New York katikati ya kesi.

Flood mwenyewe alikuwa amekwisha kuvunjika. Msimu wa 1970 hakucheza. Mwaka wa 1971 alijaribu kurudi na klabu ya Washington, akacheza mechi 13, akaona miguu na moyo vimekataa, akapanda ndege kwenda Ulaya. Alifungua baa katika kisiwa cha Majorca, Uhispania, na ulevi ukamla. Ilimchukua miaka kurejea Oakland na kuishika tena njia yake.

Lakini mlango aliougonga haukubaki vile vile. Mwaka wa 1973 wenye klabu walikubali kwamba mchezaji aliyetimiza miaka kumi ligini, mitano ya mwisho akiwa na klabu moja, anaweza kukataa kuhamishwa. Flood angekuwa nayo haki hiyo siku ile ya simu ya alfajiri. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba mwaka mmoja wa kurefusha mkataba ni mwaka mmoja tu, na minyororo ikakatika. Leo wastani wa mshahara katika ligi hiyo unazidi dola milioni 4 kwa mwaka, na Desemba 2024 Juan Soto alikubaliana na New York Mets kwa dola milioni 765 katika miaka 15.

Nawasikia vijana wa ukumbini wakisema: basi huo ndio uhuru ulioleta ubadhirifu, na ndiyo maana mipaka inahitajika. Mimi sipingi mipaka yote. Besiboli haina kikomo cha mishahara. Klabu inayovuka kiwango, ambacho mwaka wa 2025 kilikuwa dola milioni 241, hutozwa kodi. Hata hivyo Kansas City, klabu isiyo ya mabwanyenye, ilitwaa ubingwa mwaka wa 2015. Ninachotaka tuulize ni nani anayefungwa na mpaka unaotajwa. Uingereza iliwahi kuwa na kikomo, pauni 20 kwa wiki kwa mchezaji hata awe stadi wa namna gani, hadi kilipoondolewa mwaka wa 1961. Viwanja vilijaa wakati huo, na fedha za milangoni hazikuwa na kikomo. Mwaka wa 1994, wenye klabu za besiboli walipotaka kikomo cha namna hiyo, wachezaji waligoma na fainali ya mwaka huo haikuchezwa. Katikati ya mgomo walimwalika Flood mkutanoni. Aliingia, nao wakasimama wote kumpigia makofi, miaka 24 baada ya viti vitupu vya mahakamani.

Alifariki Los Angeles kwa saratani ya koo tarehe 20 Januari 1997, akiwa na miaka 59. Oktoba 1998 Rais Bill Clinton alitia saini sheria yenye jina lake, iliyowapa wachezaji wa ligi kuu ulinzi ule ule aliounyimwa mahakamani. Miller ameingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli kule Cooperstown. Flood bado.

Jumamosi iliyofuata nilirudi ukumbini. Safari hii walikuwa wakibishana kama beki fulani wa London anafaa kuuzwa au kukopeshwa kwa msimu mmoja, na kwa kiasi gani. Mwana wa jirani yangu alikuwa ameegesha pikipiki mlangoni akingoja abiria, akizisikiliza zile bei.