Karani wa Duka la Vitambaa

Muhula niliokaa Marekani kama mwanafunzi wa kubadilishana, nilidhani nitarudi na hadithi za mitambo mikubwa. Wapi! Makomredi, jioni zangu nyingi ziliishia mezani, bisibisi ya kufanyia saa mkononi, nikikarabati treni ambazo mtu angeziita za watoto. Chama cha reli za mfano cha pale chuoni kilikuwa kimepewa sanduku la mabehewa ya mizigo kuukuu, kumi na manne kwa jumla, ya kipimo cha 1 kwa 87, na hakuna hata moja lililoweza kuzunguka meza mara mbili bila kuacha reli. Mzee mstaafu aliyekuwa akitusimamia alinikabidhi sanduku zima. Nadhani aliona nina subira, au labda hakupata mwingine.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa rahisi kuuona. Kila behewa husimama juu ya boji mbili, yaani vile vigari vya chini vyenye magurudumu manne manne. Kwenye mabehewa yetu, kiungio cha kushikanisha behewa na behewa kilikuwa kimetokeza kwenye boji yenyewe. Ukivuta treni, sawa. Ukiirudisha nyuma, msukumo wote unapitia kwenye kiungio, boji inapinda, gurudumu linapanda reli, na kwisha habari. Dawa ni kukata ule mkono wa plastiki na kukifunga kiungio kipya kwenye sakafu ya behewa, ndani ya kikasha chake. Magurudumu ya plastiki, ambayo hukusanya uchafu, unayatoa na kuweka ya chuma. Kisha unapima kwa geji: kiungio kikiwa chini mno, unaweka washa nyembamba kati ya boji na sakafu. Halafu uzito. Kanuni ya mafundi wa Marekani ni aunsi 1, ukiongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu wa behewa. Behewa la inchi 6 basi linataka aunsi 4, kama gramu 113 hivi. Sisi tulibandika nati kuukuu ndani, penye giza, mtu asizione.

Viungio vya zamani vilikuwa vijindoano vya plastiki visivyofanana na kitu chochote kwenye reli ya kweli. Vipya vina umbo la mkono uliokunja vidole. Viwili vikikutana vinakamatana kama watu wawili wanaovutana kwa vidole. Nilimuuliza mzee umbo lile limetoka wapi. Akanitajia jina moja, Janney, akaendelea kunywa kahawa yake.

Eli Hamilton Janney alizaliwa mwaka 1831 katika kaunti ya Loudoun, Virginia. Hakusomea uhandisi, na reli hazikuwa kazi yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, alijiunga na jeshi la majimbo ya kusini, lile lililopigania nchi ya kumiliki watumwa, akafikia cheo cha meja. Kazi yake ilikuwa ugavi: chakula, farasi, mikokoteni, kuhakikisha mizigo inafika. Upande wake ulishindwa mwaka 1865. Meja akahamia Alexandria, mji wa bandari karibu na Washington, akawa karani katika duka la vitambaa.

Hapo niliweka kitabu chini, na sioni haya kulisema. Rafiki yangu mmoja alikuwa ameshanishauri niandike juu ya Andrew Beard, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa Alabama mwaka 1849, ambaye mitandaoni husifiwa kwamba ndiye aliyevumbua kiungio kinachojifunga chenyewe. Ningependa sana iwe hivyo. Beard ni mtu wa kweli na kazi yake ni ya kweli, lakini hataza yake ilitoka mwaka 1897 na ilikuwa ya kuboresha kitu kilichokwisha kuwepo. Kile nilichokuwa nakifunga kwa bisibisi kilitokana na yule meja. Nikakiokota kitabu.

Ili kuelewa alichofanya karani huyu, lazima ujue kazi ya kuunganisha mabehewa ilivyokuwa. Kila behewa lilikuwa na mdomo wa chuma. Mfanyakazi alisimama katikati ya reli, behewa moja limesimama, lingine linamjia. Mkononi alishika pete ndefu ya chuma. Ilimbidi aielekeze pete mdomoni mwa behewa linalokuja, adondoshe pini ya kuifunga, kisha atoe mkono, na yeye mwenyewe atoke, kabla mabehewa hayajagongana. Akichelewa sekunde moja, kidole kimekwenda. Akiteleza, kifua. Kwenye reli za wakati ule, mtu aliyepungukiwa vidole alihesabiwa kuwa na uzoefu, hata wasimamizi walipoajiri walitazama mikono. Yaani vidole vilivyokatika ndivyo vilivyokuwa CV yako.

Janney aliwaza juu ya jambo hili nje ya saa za duka. Inasimuliwa kwamba alichonga mfano wake wa kwanza kwa kisu, kwenye kipande cha mti. Hilo lilinifurahisha, kwa sababu basi hata kitu chenyewe kilianza kikiwa kidogo cha kushikika kiganjani, kama vya kwetu. Alipata hataza yake kubwa tarehe 29 Aprili 1873. Ndani ya kiungio chake kuna kidole kimoja cha chuma kinachozunguka kwenye bawaba. Mabehewa yakigongana, kidole kinafungwa, kipande kingine kinashuka na kukikaza. Wa kufungua anavuta wenzo akiwa ubavuni mwa behewa. Hakuna wa kuingia katikati.

Ungetarajia kampuni za reli zikimbilie. Hazikukimbia. Baadhi zilikijaribu na kukipenda, na kiwanda cha McConway & Torley cha Pittsburgh kilikitengeneza. Lakini mabehewa ya kampuni moja yalisafiri kwenye reli za kampuni nyingine nchi nzima, na kiungio kipya hakina faida kama behewa la jirani bado lina pete na pini. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Kubadilisha vyote kulitaka fedha nyingi, na vidole vya wafanyakazi, niseme tu, havikuwa kwenye hesabu za kampuni. Mwaka 1887 chama cha wajenzi wa mabehewa kilichagua umbo la Janney kuwa kipimo cha wote. Naye akakubali kuachia haki zake juu ya mchoro wa umbo lile ili viwanda vingine navyo vitengeneze viungio vinavyoshikana na chake. Kwa mtu mwenye hataza, hilo si dogo. Hata hivyo haki za hataza wakati huo zilidumu miaka 17. Za mwaka 1873 zilikwisha 1890.

Sheria ilikuja 1893. Aliyeisukuma zaidi alikuwa mkulima wa Iowa, Lorenzo Coffin, ambaye mwaka 1874 alimwona kijana wa reli akipoteza vidole viwili vilivyokuwa vimebaki mkononi mwake, na tangu hapo hakumpa mtu usingizi. Aliandika barua na kwenda kwenye kila mkutano ambao hakualikwa. Katika mwaka ule wa 1893 pekee, kazi ya kuunganisha mabehewa iliua wafanyakazi zaidi ya 400 na kujeruhi zaidi ya 11,000. Na hata baada ya Rais Harrison kutia saini, kampuni ziliomba muda, zikaongezewa, mpaka mwaka 1900.

Hesabu mwenyewe: kuanzia 1873 hadi 1900 ni miaka 27. Kitu chenyewe kilikuwepo. Kimejaribiwa, kimechorwa, kimetengenezwa.

Janney alifariki Alexandria mwaka 1912. Umbo lake halijafa. Treni za mizigo za SGR zinazopandisha makontena kutoka Mombasa zina viungio vya ukoo huohuo, vikubwa kuliko kichwa cha mtu. Sijapata popote alipoeleza majuto yoyote juu ya vita alivyopigana, na sitamtungia. Miongoni mwa waliookolewa mikono yao na kiungio chake kulikuwa na watu weusi wengi, kwa sababu huko kusini kazi hiyo ya hatari mara nyingi waliachiwa wao.

Nilimaliza mabehewa kumi na mawili kabla muhula haujaisha. Usiku wa mwisho tuliyaunganisha yote, mzee akairudisha treni nyuma polepole kuzunguka meza nzima, kona zote, na hakuna lililoacha reli. Mawili yaliyobaki nilimwachia kwenye sanduku, pamoja na geji na washa tatu.