Je, tuko peke yetu? Tumsikilize Imamu Fakhruddin Razi

MIONGONI mwa maswali yanayowashughulisha vijana wetu wa mijini ni hili: Je, wapo viumbe wengine wenye akili huko mbali angani, ukiacha sisi tulioko hapa ardhini? Nimesikia majibu ya aina mbili, na yote mawili yananitia wasiwasi. Wapo wanaosema kuwa kuuliza tu jambo hilo ni kuelekea kwenye ukafiri. Na wapo wasomi wanaodai kuwa siku viumbe hao wakigunduliwa, dini zote zitakuwa zimekwisha, Uislamu ukiwemo.

Ndugu msomaji, kabla ya kufuata upande wowote, naona ni vyema tumtazame mwanachuoni aliyelitafakari suala hili zaidi ya miaka 800 iliyopita. Huyo ni Imamu Fakhruddin Razi, rahimahullah. Asichanganywe na tabibu Abu Bakr Razi, aliyemtangulia kwa zaidi ya karne mbili.

Imamu huyu alizaliwa Rayy, mji ulio karibu na Tehran ya leo, mnamo mwaka 1150 Miladia. Baba yake alikuwa khatibu wa mji huo, naye ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Baada ya baba kufariki, kijana alisafiri kutafuta elimu, akasoma falsafa kwa Majduddin al-Jili huko Maragha. Katika fiqhi alikuwa Shafi, kama walivyo wengi wetu katika mwambao huu wa Afrika Mashariki. Aliandika sherehe ya kitabu cha falsafa cha Ibn Sina, na akaandika pia juu ya tiba. Hakuogopa elimu ya wageni. Aliisoma kwanza, ndipo akaikosoa.

Tabia hiyo ilimletea heshima na misukosuko pia. Huko Khwarazm alijadiliana na Muutazila mpaka akalazimika kuondoka. Mwaka 1199, katika mji wa Firuzkuh, alijadiliana na Karramiyya, kundi lililomsifu Allah (s.w.) kwa sifa za kiwiliwili. Ghasia zikazuka, na Sultani Ghiyathuddin akaona amrudishe Herat. Lakini inasimuliwa pia kwamba alipopanda mnyama wake, wanafunzi wapatao 300 walitembea pembeni yake.

Sasa tuje kwenye suala letu. Katika tafsiri yake kubwa iitwayo Mafatihul-Ghaib, Imamu anapofika kwenye aya ya Suratul-Fatiha inayomtaja Allah kuwa ni Mola wa walimwengu wote, anasimama na kuuliza: walimwengu hao ni wangapi? Wanafalsafa wa zama zake, waliomfuata Aristotle, walishikilia kuwa ulimwengu ni mmoja tu na hauwezekani mwingine. Hoja yao ilikuwa kwamba udongo kwa maumbile yake huelekea katikati ya ulimwengu. Kwa hiyo, kama ingekuwepo ardhi nyingine, ingebidi nayo ije kwenye kati hiyo hiyo.

Imamu alizikataa hoja zao na kuziita dhaifu. Kwake yeye, Allah ni Muweza wa kila linalowezekana, wala maumbile hayamfungi mikono Aliyeyaumba. Kwa hiyo anaweza kuumba nje ya ulimwengu huu maelfu kwa maelfu ya walimwengu, kila mmoja ukiwa na mbingu, ardhi, jua na mwezi wake. Na alipofika aya ya 29 ya Suratush-Shura, inayotaja viumbe hai walioenezwa mbinguni na ardhini, alitaja miongoni mwa maelezo yake kuwa si jambo la mbali Allah kuumba huko mbinguni aina za viumbe watembeao kama watu watembeavyo ardhini.

Hapa inabidi tuwe waadilifu. Imamu hakuwa na darubini, wala hakusema kuwa viumbe hao wapo. Alisema yawezekana. Kuwezekana kwa jambo si kutokea kwake, na tofauti hiyo ndiyo funzo kubwa ninaloliona katika maisha yake. Alikataa kuuwekea mpaka uwezo wa Allah, na papo hapo akakataa kuyageuza makisio kuwa habari ya hakika.

Tukiyatazama ya leo, hali ni hiyo hiyo. Tangu mwaka 1995, ilipogunduliwa sayari ya kwanza inayozunguka nyota inayofanana na jua letu, wanasayansi wamethibitisha zaidi ya sayari 5,000 nje ya mfumo wa jua. Tangu mwaka 1960 wamekuwa wakisikiliza mawimbi ya redio kutoka kwenye nyota, na mpaka sasa haijathibitishwa hata sauti moja ya kiumbe mwenye akili. Mlango haujafungwa, na wala hakuna aliyeingia. Basi anayemkufurisha kijana kwa sababu ya swali hili anafunga alichokiacha wazi Imamu wa tafsiri. Na anayeitabiria dini mwisho wake ajue kuwa Waislamu wamekuwa wakisoma juu ya Mola wa walimwengu wengi karne nyingi kabla ya darubini.

Imamu Razi alifariki Herat siku ya Idil-Fitri, mwaka 606 Hijria (1210 Miladia). Katika wasia wake, ambao mwanafunzi wake aliuandika, alieleza kuwa amezijaribu njia za wanafalsafa na za wanakalamu, na hakupata humo faida iliyolingana na ile aliyoipata katika Qur'an tukufu. Na huyu ndiye aliyezisoma njia hizo mpaka mwisho wake! Kwa maoni yangu, vijana waachwe waulize, wasome fizikia na elimu ya nyota, na wasome pia tafsiri. Asiyejua aseme hajui.

Wallahu a'lam.