Johannes Rebmann, Mtenda Kazi Asiyechoka

Johannes Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, akafika Rabai mwaka 1846. Mwaka 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, lakini baadhi ya wenye elimu wa Ulaya walikataa kusadiki. Yeye akaendelea na kazi. Mwalimu akawa mwanafunzi: aliketi na Salimini, mtumwa aliyetoka nchi za Nyasa, akayaandika maneno ya Kinyasa moja moja. Mwaka 1866 mkewe akafa. Macho yake nayo yakapofuka. Hata hivyo akadumu Rabai hata mwaka 1875. Akafa mwaka 1876. Kamusi yake ya Kinyasa ikapigwa chapa mwaka 1877.

Nasi tukaao Chome, chini ya Shengena, tufundishao na kulima, tusiipime kazi yetu kwa mavuno ya siku moja.