ARKIDIKONI OWEN NA WATOTO WA MASHAMBA YA CHAI

Ukipanda matatu hapa Litein kwenda Kericho, macho yako hayaoni kitu njiani ila chai, kushoto chai, kulia chai. Mashamba yale makubwa yalianza kupandwa katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipopata ardhi huku. Je, nani walichuma? Wengi watajibu kwamba ni watu wazima. Sawa, lakini si wao peke yao. Walikuwamo watoto, wengi wao kutoka Nyanza, wa umri wa ndugu zetu walio shule ya msingi. Mtu aliyewapigia kelele watoto hao alikuwa mhubiri mmoja Mwingereza aliyeitwa Walter Edwin Owen, na ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake.

Owen alifika Afrika Mashariki mwaka 1904, akitumwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS. Kwanza alifanya kazi Uganda. Mwaka 1918 akafanywa Arkidikoni wa Kavirondo, yaani sehemu ambayo siku hizi twaiita Nyanza na Magharibi. Alikuta watu wamechoka. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imewamaliza vijana waliobebeshwa mizigo ya jeshi, kodi ya kibanda ilikuwa imepanda, na punde kila mwanamume angelazimika kutembea na kipande shingoni. Mwaka 1920 serikali ikaongeza chumvi kwenye kidonda kwa kuifanya nchi kuwa koloni.

Basi Desemba 1921 walimu na wasomi wa shule za misheni wakaitisha mkutano mkubwa huko Lundha, Gem. Chama kilichozaliwa kiliitwa Young Kavirondo Association, lakini wananchi walikiita Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Jonathan Okwirri ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Walidai kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, kambi za kazi za lazima zifungwe, serikali ijenge shule, na watu wapewe hati za mashamba yao. Mwaka 1922 Gavana Northey mwenyewe alikwenda kuwasikiliza, na kambi zikafungwa. Mambo mengine hayakujibiwa.

Hapo ndipo serikali ilipoingiwa na wasiwasi, kwa sababu Machi mwaka huo huo watu walikuwa wamepigwa risasi Nairobi katika ghasia za kukamatwa kwa Harry Thuku. Viongozi wa Piny Owacho nao hawakutaka yawapate hayo. Mwaka 1923 wakamwomba Owen awe rais wao. Akakubali, na chama kikabadilishwa jina kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, yaani chama cha ustawi wa walipa kodi.

Ukiangalia kazi za chama hicho kipya unaweza kucheka. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti na kulala kitandani badala ya chini! Wapo wanaosema kuwa Owen aliwatuliza watu, akawapa panya wa kuua ili wasahau mashamba na kipande. Mimi naona lawama hiyo ina ukweli. Yale madai makali ya Lundha yalipoa sana chini yake, na si ajabu kwamba baadaye wengine walijitenga wakaunda vyama vyao. Lakini tusisahau kwamba panya walileta tauni, na tauni iliua watu kweli. Tena chama hakikuishia kwenye vyoo. Kiliandika barua na maombi kwa serikali kuhusu mishahara, kodi na maonevu, na serikali haikuweza kuzitupa kikapuni kirahisi kwa sababu zilipitia kwa mchungaji mwenye cheo. Ndivyo watu wasio na kura walivyopata kusikika.

Wakati huo serikali nayo ilikuwa na baraza zake. Kuanzia 1924 ziliundwa Baraza za Wenyeji, Local Native Councils kwa Kizungu. Zilitoza ushuru mdogo wa kujenga shule na zahanati, na zilitoa ushauri. Mwenyekiti alikuwa DC, kwa hiyo unaweza kukisia ushauri wa aina gani ulipendwa! Hata hivyo sheria ya ardhi ya mwaka 1930 ilisema kwamba serikali haiwezi kuchukua kipande cha ardhi ya wenyeji bila kuiuliza baraza yao, na ni lazima watoe ardhi nyingine badala yake. Ahadi nzuri kabisa. Haikudumu hata miaka mitatu. Mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa Kakamega, Wazungu wakamiminika, na Desemba 1932 sheria ikarekebishwa haraka haraka ili baraza isiulizwe na ardhi isirudishwe. Owen aliwaka. Aliandika magazetini hadi Uingereza, na alisaidia wananchi kupeleka ushahidi wao kwa Tume ya Ardhi ya Carter.

Alishapigana pia dhidi ya machifu waliowalazimisha wanawake na watoto kutengeneza barabara bila malipo. Kwa sababu hizo walowezi hawakumpenda hata kidogo. Waligeuzageuza cheo chake kwa Kiingereza wakampa jina lenye maana ya shetani mkuu. Yeye aliendelea tu. Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyu mwenye kesi nyingi hivyo alipata nafasi ya kuokota zana za mawe na mifupa ya kale huko Nyanza, na wataalamu wa mambo ya kale walimheshimu kwa hilo.

Sasa turudi kwenye chai yetu. Mwaka 1938 sheria ya kazi iliruhusu mtoto wa miaka 10 kuajiriwa. Hebu fikiri, darasa la nne! Mtoto aliacha kwao, akaishi shambani mbali na wazazi, akaamka kwenye ukungu na baridi ya Kericho ambayo sisi tunaijua vizuri. Waajiri walisema kuchuma ni kazi nyepesi inayofaa vidole vidogo. Yeyote kati yetu aliyewahi kubeba kikapu mgongoni wakati wa likizo hadi kituo cha kuuzia atawajibu. Na sisi twarudi nyumbani jioni kwa mama.

Owen aliandika tena katika magazeti ya Uingereza, na maswali yakafika London. Serikali ya koloni ikabanwa, ikaunda kamati mwaka huo huo wa 1938 ichunguze ajira ya watoto, na kamati ikatoa ripoti yake. Kazi ya watoto kwenye chai haikuisha siku hiyo, na kamati yenyewe haikuwa na mzazi hata mmoja wa watoto hao. Lakini tangu wakati huo hakuna aliyeweza kudai kwamba hakujua.

Oktoba 1944 Eliud Mathu alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Kabla yake Waafrika walisemewa humo na Wazungu walioteuliwa, wengi wao wamisionari. Owen aliishi kuiona siku hiyo. Alifariki mwaka uliofuata, 1945.