Leonhard Euler, kipofu aliyepima namba ya miliari mbili

Mama wa soko mwenye maembe 12 anaweza kuyapanga mafungu sawasawa: ya mawili, ya matatu, ya mane ao ya sita. Akiwa na 13, hawezi. Namba kama 13, isiyogawanyika isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, inaitwa namba tasa. Hata mfupa wa Ishango, uliopatikana mwaka wa 1950 huku kwetu mashariki, kando ya Ziwa Edouard, una safu ya mikato 11, 13, 17 na 19, zote namba tasa, ingawa wataalamu wangali wanabishana kama ilikuwa kwa kusudi.

Kwa namba ndogo ni kazi nyepesi. Na 2.147.483.647 je? Aliyejibu ni Leonhard Euler.

Alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 huko Basel, inchi ya Uswisi. Baba yake, mchungaji, alitaka mtoto afuate kazi ya kanisa. Mwalimu Johann Bernoulli ndiye alimuombea afuate hesabu. Mwaka wa 1727 akaenda Urusi. Kule, mwaka wa 1732, kijana huyu akaonyesha kama Pierre de Fermat, mkubwa wa hesabu wa Ufaransa, alikosea: 4.294.967.297, ambayo Fermat aliiamini kuwa tasa, ni 641 mara 6.700.417.

Karibu mwaka wa 1738 jicho la kuume likaharibika. Akafanya kazi Berlin miaka 25, na aliporudi Urusi mwaka wa 1766, la pili nalo likaanza kufunikwa. Mwaka wa 1771 akapasuliwa, akaona siku chache, kisha giza. Mwaka ule ule nyumba yake ikaungua. Katika watoto wake 13, wanane walikufa wangali wadogo.

Ni katika giza hilo, mwaka wa 1772, jibu lake likatangazwa: 2.147.483.647 ni tasa. Padri Mersenne alikuwa amesema hivyo mwaka wa 1644, pasipo kuonyesha njia. Kwa njia ya kawaida ingepasa kujaribu kuigawanya kwa namba tasa zaidi ya 4.700. Euler alifikiri kwanza, akaona kama namba tasa inayoweza kuigawanya, yenyewe ikigawanywa kwa 248, lazima ibakize 1 ao 63. Zilizobaki za kujaribu hazikufika hata mia moja. Hakuna iliyoigawanya.

Yeye alisema kwa kinywa, watoto na wasaidizi wake wakaandika, mpaka kifo chake tarehe 18 Septemba 1783. Namba ile ilibaki tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa zaidi ya miaka makumi saba. Na leo iko ndani ya ordinatere: nyingi za zamani haziwezi kuhesabu kupita hapo, ndiyo sababu saa zao, zinazohesabu sekunde tangu 1970, zitafika mwisho tarehe 19 Januari 2038.

Basi mzazi mwenye mtoto asiyeona, usimubakishe nyumbani wakati wenzake wanaenda masomo. Hesabu inafanyikia katika kichwa.