Telford Taylor: Kiongozi wa mashtaka aliyeipima nchi yake kwa mizani ya Nuremberg

MAWAKILI wengi hufunga faili kesi inapokwisha, wakageukia nyingine. Telford Taylor hakuweza kufanya hivyo. Kesi alizoziongoza mjini Nuremberg, Ujerumani, baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia zilimfuata hadi uzeeni. Kila mara kesi kubwa ya jinai ilipoutikisa ulimwengu, alirejea magazetini, vitabuni na kwenye televisheni kuuliza swali lile lile.

Swali lenyewe lilikuwa hili: je, sheria iliyotumiwa kuwanyonga walioshindwa vitani inaweza kuwabana walioshinda? Wahenga walisema kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Taylor, Mmarekani aliyekuwa upande wa washindi, alitaka msumeno huo ukate kweli unapokwenda na unaporudi, hata kama ungewagusa majenerali wa nchi yake mwenyewe.

Alizaliwa Februari 24, 1908 katika mji wa Schenectady, jimbo la New York. Alisoma katika Chuo cha Williams kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Harvard, alikohitimu katika taaluma ya sheria mnamo 1932. Marekani ilikuwa imezongwa na mdororo mkubwa wa uchumi, na vijana wengi wenye shahada za sheria walivutiwa na kazi za umma chini ya Rais Franklin Roosevelt. Taylor alikuwa miongoni mwao. Kufikia 1940 alikuwa wakili mkuu wa tume ya serikali iliyosimamia masuala ya mawasiliano.

Mnamo 1942 alijiunga na idara ya ujasusi ya jeshi. Mwaka uliofuata alitumwa Bletchley Park, Uingereza, ambako wataalamu walikuwa wakifumbua ujumbe wa siri wa majeshi ya Ujerumani. Taylor aliongoza kundi la Wamarekani lililochambua habari hizo na kuzifikisha kwa makamanda wao. Kazi hiyo ilibaki siri kwa umma hadi miaka ya 1970.

Vita vilipomalizika barani Ulaya mnamo 1945, Robert Jackson, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, aliteuliwa kuongoza mashtaka ya nchi yake dhidi ya vigogo wa utawala wa Nazi. Taylor aliingia katika kikosi chake. Kesi ilianza Novemba 20, 1945 mbele ya majaji kutoka Marekani, Uingereza, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti.

Taylor alipewa jukumu zito la kuthibitisha kwamba uongozi mkuu wa jeshi la Ujerumani ulikuwa kundi la kihalifu. Alishindwa. Majaji walisema makamanda hao hawakuwa kundi kwa maana iliyokusudiwa na sheria, ingawa waliwakemea vikali na kueleza kuwa wangeweza kushtakiwa mmoja mmoja. Hukumu ilipotolewa Oktoba 1, 1946, washtakiwa 12 kati ya 22 walihukumiwa kifo, saba wakafungwa na watatu wakaachiliwa.

Madaktari na majaji kizimbani

Jackson alirejea nyumbani, naye Taylor, akiwa amepandishwa cheo kuwa Brigedia Jenerali, akarithi kiti chake. Kuanzia Desemba 1946 hadi 1949 alisimamia kesi nyingine 12 zilizosikilizwa na majaji wa Kimarekani mjini humo.

Safari hii waliofikishwa kizimbani hawakuwa wanasiasa na wanajeshi pekee. Walikuwemo madaktari waliowafanyia wafungwa majaribio ya kikatili, majaji na mawakili wa serikali walioigeuza sheria kuwa silaha ya mauaji, na wenye viwanda walionufaika kwa jasho la watumwa. Katika kesi ya madaktari, washtakiwa walikuwa 23. Saba walinyongwa na saba wakaachiliwa huru. Kwa jumla, kesi hizo 12 ziliwafikisha watu 177 kwenye hukumu, ambapo 142 walipatikana na hatia na 35 wakaachiliwa.

Hata hivyo, ushindi huo ulianza kupungua mapema. Uhasama kati ya Marekani na Wasovieti ulipozidi, Ujerumani Magharibi ikawa mshirika wa kuhitajika. Mwanzoni mwa 1951 kamishna mkuu wa Marekani nchini humo, John McCloy, aliwapunguzia adhabu wafungwa wengi. Alfried Krupp, mmiliki wa viwanda vya silaha aliyefungwa miaka 12 mnamo 1948, aliachiliwa na kurejeshewa mali yake. Taylor alipinga hatua hiyo hadharani.

Kalamu baada ya mahakama

Aliporejea New York alifanya kazi ya uwakili, lakini wengi walimjua zaidi kwa kalamu na sauti yake. Huo ulikuwa wakati ambapo Seneta Joseph McCarthy aliwaita watu mbele ya kamati yake na kuwashuku kuwa Wakomunisti, na wengi walipoteza kazi kwa tuhuma tu. Mnamo 1953 Taylor alimkosoa seneta huyo alipowahutubia wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. McCarthy naye akajibu kwa kutilia shaka uaminifu wa Taylor kwa taifa. Taylor hakurudi nyuma. Mnamo 1955 alichapisha kitabu kuhusu mamlaka na mipaka ya uchunguzi wa mabunge.

Mnamo 1960 maajenti wa Israeli walimteka nyara Adolf Eichmann nchini Argentina na kumpeleka Jerusalem kujibu mashtaka ya kuratibu mauaji ya Wayahudi. Magazeti kote duniani yalijaa habari za kesi hiyo. Wengi wangetarajia kiongozi wa mashtaka wa Nuremberg ashangilie tu. Badala yake, katika makala aliyoandikia jarida la gazeti la New York Times Januari 1961, alitoa hoja kwamba uhalifu ni kosa dhidi ya jamii nzima ambayo sheria yake imevunjwa, wala si dhidi ya waathiriwa peke yao. Alihofia kuwa mauaji ya Wayahudi yangechukuliwa kama jambo la Wayahudi pekee, ilhali yalimhusu kila binadamu. Hakuwa akimtetea Eichmann, aliyenyongwa mnamo 1962. Alikuwa akiutetea msingi wa sheria.

Vietnam na hukumu ya Yamashita

Mtihani mgumu zaidi ulimjia kutoka nyumbani. Machi 16, 1968 wanajeshi wa Marekani waliwaua mamia ya raia, wengi wao wanawake, watoto na wazee, katika kijiji cha My Lai nchini Vietnam. Umma haukujua hadi Novemba 1969, mwanahabari Seymour Hersh alipofichua unyama huo.

Taylor, wakati huo akiwa profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, alichapisha mnamo 1970 kitabu kilichovilinganisha vita hivyo na kanuni za Nuremberg. Hakuandika kama mwanaharakati. Alikiri, kwa mfano, kuwa mashambulizi ya mabomu kutoka angani hayakuadhibiwa Nuremberg kwa kuwa pande zote mbili ziliyafanya.

Lakini Januari 1971, katika kipindi cha televisheni cha Dick Cavett, alikwenda mbali zaidi. Aliwakumbusha Wamarekani juu ya Jenerali Tomoyuki Yamashita wa Japani. Tume ya kijeshi ya Marekani ilimhukumu kifo mjini Manila mnamo 1945 kwa kushindwa kuwazuia wanajeshi wake kuwaua raia wa Ufilipino, naye akanyongwa Februari 1946. Taylor alisema kuwa kipimo hicho kikitumiwa, Jenerali William Westmoreland, aliyeongoza majeshi ya Marekani nchini Vietnam hadi 1968, naye angeweza kupatikana na hatia.

Kauli hiyo ilizua kishindo. Westmoreland hakushtakiwa kamwe. Aliyepatikana na hatia kwa mauaji ya My Lai ni mmoja tu, Luteni William Calley, aliyehukumiwa kifungo cha maisha Machi 1971. Rais Richard Nixon aliamuru atolewe gerezani na kuwekwa katika kizuizi cha nyumbani, na mnamo 1974 akawa huru.

Desemba 1972 Taylor alisafiri hadi Hanoi pamoja na mwimbaji Joan Baez, wakiwapelekea barua wafungwa wa kivita wa Kimarekani. Wakiwa huko, ndege za Marekani zilianza kuupiga mji huo mabomu. Jenerali huyo mstaafu alijikuta akikimbilia handaki kuyakwepa mabomu ya jeshi alilolitumikia. Aliitembelea Hospitali ya Bach Mai iliyoharibiwa, na aliporejea akawasimulia wasomaji wa magazeti aliyoyaona.

Waliomwita kibaraka wa Wakomunisti walipata jibu mnamo 1976, alipochapisha kitabu kilichoanika dhuluma za mahakama za Kisovieti dhidi ya Wayahudi. Mnamo 1992, akiwa na umri wa miaka 84, alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu kesi ya kwanza ya Nuremberg. Humo hakuficha dosari zake, ikiwemo jinsi Wasovieti walivyojaribu kuwabebesha Wajerumani mauaji ya Katyn ambayo wao wenyewe waliyatekeleza.

Taylor alifariki mjini New York mnamo Mei 23, 1998 akiwa na umri wa miaka 90. Hata miezi miwili haikuwa imetimia, Julai 17, mataifa yalipopitisha Mkataba wa Roma uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Marekani ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoupinga. Septemba mwaka huo, mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha, Tanzania, ilimpata meya wa zamani nchini Rwanda, Jean-Paul Akayesu, na hatia ya mauaji ya kimbari. Hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa.

Wakenya nao walilikuta swali la Taylor kati ya 2010 na 2016, kesi za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilipokuwa ICC. Wapo walioona kuwa ndiyo njia pekee ya waathiriwa kupata haki, na wapo waliolalamika kuwa mahakama hiyo iliwaandama Waafrika huku wakuu wa mataifa yenye nguvu wakiachwa. Kesi hizo ziliporomoka bila yeyote kupatikana na hatia.

Taylor angezielewa pande zote mbili. Hakuamini kuwa upendeleo wa mahakama ya washindi ni sababu ya kuitupa sheria. Aliamini ni sababu ya kuwadai washindi nao waitii.